Uzazi Unapungua, Umri Unarefuka: Ni Nani Atakayewatunza Wazazi Wetu?



Maswali mawili hutufikia mara kwa mara, na kwa sura yake yanaonekana hayahusiani. La kwanza huulizwa na vijana waliooa karibuni: je, inafaa mtu na mkewe kupanga uzazi, au kufanya hivyo ni kwenda kinyume na Mtume (s.a.w.) aliyetaka umma wake uwe mwingi? La pili huulizwa na watu wa makamo: mama yetu amezeeka, anahitaji mtu wa kumwogesha na kumlisha, sisi tumezaliwa watatu tu, mmoja yuko Muscat, mwingine yuko Dar es Salaam, na aliyebaki nyumbani anasema amechoka. Wajibu huo ni wa nani?

Kwetu sisi maswali haya mawili ni jambo moja. Anayeuliza la kwanza leo, akijaaliwa umri, watoto wake ndio watakaouliza la pili baada ya miaka arubaini. Ndiyo maana tumeona tuyaeleze pamoja, na kabla ya kufika kwenye hukmu tuufahamu kwanza mwendo wenyewe wa mambo, kwani wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kuhukumu jambo ni tawi la kulielewa.

Mpito ni nini?

Wataalamu wa idadi ya watu huuita mwendo huo mpito wa kidemografia. Hapa tutasema mpito tu. Kwa karne nyingi wanadamu walizaa sana na walifiwa sana, hasa na watoto wachanga, hivyo idadi yao iliongezeka kidogo kidogo mno. Kisha vifo vikaanza kupungua kwa sababu ya maji safi, chanjo, dawa na chakula cha uhakika. Uzazi haukupungua siku hiyo hiyo. Watu waliendelea kuzaa kama walivyozoea, na katika muda huo, vifo vimeshashuka na uzazi bado uko juu, idadi ya watu ikafura. Mwishowe uzazi nao ukashuka, na hali ikatulia tena, safari hii kwa watoto wachache wanaoishi badala ya watoto wengi wanaozikwa.

Nchi za Ulaya zilipita njia hii polepole, nyingi kwa muda wa karne nzima au zaidi. Mwaka 1929 Mmarekani Warren Thompson alizigawa nchi za dunia katika makundi kwa kufuata hatua hizo, na kutoka hapo elimu hii ikakua. Lakini kuufikiria uhusiano wa wingi wa watu na maisha yao si jambo lililoanza kwa Wazungu. Ibn Khaldun, ambaye wazazi wake walifariki katika tauni kubwa ya karne ya 14, aliandika katika Muqaddima namna wingi wa watu unavyozaa kazi, ufundi na riziki katika mji, na namna mji unavyodhoofika watu wake wakipungua.

Tukirudi kwetu, mpito unaonekana wazi. Sensa ya kwanza ya Tanzania baada ya uhuru, mwaka 1967, ilihesabu watu milioni 12.3. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ni mara tano katika miaka 55. Wengi hudhani sababu ni kwamba watu siku hizi wanazaa zaidi. Ni kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto 6.2 katika maisha yake, na utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wastani ni 4.8. Kilichobadilika zaidi ni vifo. Mwaka 1999 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43.

Tuitazame vizuri hiyo 147. Maana yake ni kwamba mama mwenye watoto saba alikuwa akitarajia, kwa wastani, kumzika mmoja wao. Bibi zetu waliozaa kumi na kulea sita hawakuwa wajinga wala hawakuwa na pupa ya watoto. Walikuwa wanaishi katika ulimwengu ambao mauti yalikuwa yanabisha hodi kila masika. Watoto kupungua kufa ni katika neema kubwa ambazo Allah (s.w.) ametuneemesha katika kizazi hiki, na ni ajabu kwamba hatuzisikii zikitajwa mimbarini.

Nchi moja ya Kiislamu iliyopita mbio

Anayetaka kuona mpito unafanya nini ndani ya jamii ya Kiislamu aitazame Iran. Hatuitaji kwa ajili ya madhehebu, wala hatuingii katika siasa zake. Tunaitaja kwa sababu ni nchi iliyopita katika muda wa miaka 20 hivi njia ambayo wengine waliipita kwa miaka 100, na kwa sababu wanazuoni na serikali yake walibadili msimamo mara mbili mbele ya macho ya dunia.

Baada ya mapinduzi ya 1979, mpango wa uzazi uliorithiwa kutoka enzi ya Shah uliachwa. Dawa zenyewe hazikuharamishwa, ila ile kampeni ya serikali ilizimika. Vita na Iraq vikaanza 1980, wingi wa watu ukaonekana ni nguvu, na uzazi ulikuwa zaidi ya watoto sita kwa kila mwanamke. Sensa ya 1976 ilikuwa imehesabu watu milioni 33.7, na ya 1986 ikahesabu milioni 49.4, wakiwemo wakimbizi wengi kutoka Afghanistan na Iraq. Vita vilipokwisha 1988, serikali iliyabeba mahesabu hayo ikaona shule, hospitali na ajira havitoshi. Mwishoni mwa 1989 mpango wa uzazi ulirudishwa, safari hii ukiungwa mkono na wanazuoni. Vijana waliotaka kufunga ndoa walitakiwa kuhudhuria darasa kwanza. Vidonge viligawiwa bure. Mwaka 1993 bunge lilipitisha sheria ya kuondoa baadhi ya marupurupu kwa mtoto wa nne na kuendelea.

Uzazi ukaporomoka. Kufikia mwaka 2000 ulikuwa umefika karibu na watoto wawili kwa kila mwanamke, kisha ukashuka chini ya hapo. Wataalamu husema panahitajika wastani wa watoto 2.1 ili kizazi kijacho kiweze kushika nafasi ya kizazi kilichopo. Iran ilikwishapita chini ya mstari huo, na vijijini uzazi ulishuka kama ulivyoshuka mijini.

Sasa hapa ndipo penye funzo, na wengi hulipita bila kuliona. Watafiti waliochunguza takwimu za Iran walikuta kwamba uzazi ulishaanza kuteremka katikati ya miaka ya 1980, kabla serikali haijarudisha mpango wake. Nini kilikuwa kinatokea? Serikali ile ile iliyokuwa inasifu wingi wa watoto ilikuwa inajenga vituo vidogo vya afya vijijini, vinavyohudumiwa na watu wa kijiji hicho hicho waliopewa mafunzo. Ilikuwa inapeleka umeme na barabara. Na zaidi ya yote, ilikuwa inasomesha wasichana wa vijijini, ambao baba zao walikubali kuwapeleka shule kwa sababu waliiamini kuwa ni shule ya Kiislamu. Watoto wakaacha kufa, mabinti wakachelewa kuolewa, gharama ya kumlea mtoto ikapanda. Mpango wa serikali ulipofika ulikuta mlango umeshafunguliwa nusu.

Ushahidi wa pili ni ule wa kurudi nyuma. Kuanzia 2012 viongozi wa Iran walitambua kuwa wamefika mbali kuliko walivyokusudia. Bajeti ya uzazi wa mpango ikaondolewa. Mwaka 2014 Ayatullah Khamenei alitangaza sera mpya za kuongeza idadi ya watu. Mwaka 2021 ikapitishwa sheria yenye mikopo ya ndoa na nyumba kwa wanaozaa, na yenye kuzuia dawa za uzazi wa mpango kugawiwa bure katika mfumo wa afya wa serikali. Lakini watoto waliozaliwa, ambao mwaka 2015 walikuwa zaidi ya milioni 1.5, walishuka hadi karibu milioni 1.1 kufikia 2020, na sheria mpya haijaubadili mwelekeo huo kwa kiasi kilichotarajiwa. Vijana wanaitazama kodi ya nyumba, wanautazama mshahara na bei za vitu zilizopandishwa na vikwazo na mfumuko, kisha wanaahirisha ndoa. Hotuba ya Ijumaa haiwezi kumlipia mtu kodi.

Je, ni njama?

Wapo wanaosema uzazi wa mpango ni njama ya mataifa ya Magharibi ya kupunguza Waislamu. Hatuwezi kuwacheka wanaohofia hivyo, kwani dhulma katika mlango huu imetokea kweli. India katika miaka ya 1975 hadi 1977 iliwafunga uzazi mamilioni ya watu, wengi wao masikini waliolazimishwa au kushinikizwa. China iliwawekea wazazi amri ya mtoto mmoja kuanzia 1980, ikailegeza kwa baadhi yao, na haikuiondoa mpaka 2015. Hayo ni maovu, na Muislamu anayo haki ya kuuliza fedha za mradi fulani zimetoka wapi na zina sharti gani.

Lakini njama haielezi yote tunayoyaona. Haielezi kwa nini uzazi wa Wazungu wenyewe ulikuwa wa kwanza kushuka. Haielezi Korea Kusini, iliyotoka kwenye watoto sita mwaka 1960 ikafika 0.72 mwaka 2023, huku serikali yao ikiwabembeleza wazae. Haielezi Uturuki, ambayo rais wake kwa miaka mingi amewahimiza watu wazae angalau watoto watatu, na takwimu za 2023 zikaonyesha wastani wa 1.51. Wala haielezi kilicho jirani yetu kabisa. Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na wastani wa watoto wanane, katika viwango vya juu kabisa duniani. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Ndani ya nchi hiyo hiyo moja, Mandera ilikuwa na 7.7 na Nairobi 2.5. Mtu anaweza kusema ni kwa sababu Mandera ni Waislamu. Basi na aende Tehran, au Tunis. Tofauti kubwa baina ya Mandera na Nairobi ni shule, barabara, hospitali, ardhi na mvua. Kwa mfugaji, mtoto wa miaka saba anachunga mbuzi na kuchota maji. Katika chumba kimoja cha kupanga Nairobi, mtoto wa miaka saba ni sare, karo, nauli na kitanda kisicho na pa kukiweka.

Hukmu kwa ufupi

Tumekwisha kulieleza suala hili katika majibu mengine, hivyo hapa tutafupisha. Mtume (s.a.w.) alihimiza kuoa mwanamke mwenye mapenzi na mwenye kuzaa, kama ilivyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Maaqil bin Yasaar (r.a.). Asili ya ndoa ni kutafuta kizazi, na kukipenda kizazi ni sunna. Upande wa pili, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Jaabir (r.a.) kwamba maswahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, wakati Qur'ani inateremka, na hawakukatazwa. Ipo pia hadithi ya Judaamah (r.a.) kwa Muslim yenye kuikemea azl, na jamhuri ya wanazuoni wakaichukulia kuwa ni karaha, si uharamu. Imam Ghazali katika Ihyaa alitaja miongoni mwa sababu zinazokubalika za kufanya azl kumhifadhi mke na hatari ya uzazi, na kuogopa uzito wa majukumu unaoweza kumtumbukiza mtu katika chumo la haramu.

Mwaka 1988, mwezi Disemba, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikutana Kuwait na kutoa maamuzi ambayo mpaka leo ndiyo rejea. Haifai kutungwa sheria ya jumla ya kuwabana wanandoa katika uhuru wao wa kuzaa. Ni haramu kukata kabisa uwezo wa kuzaa wa mume au mke pasipo dharura ya kisheria. Na inajuzu kudhibiti uzazi kwa muda, kwa ajili ya kupanga nafasi baina ya mimba na mimba au kuusimamisha kwa kipindi, pakiwa na haja inayozingatiwa, wanandoa wameshauriana na kuridhiana, njia yenyewe ni halali, na haina madhara wala haishambulii mimba iliyokwisha kutunga. Msomaji ataona kwamba mambo mawili yaliyofanyika Iran, kufunga uzazi kwa upasuaji na kuwaondolea watu haki kwa sababu ya idadi ya watoto wao, yanagongana na maamuzi haya.

Jambo moja la kuzingatiwa. Qur'ani imekataza kuua watoto kwa sababu ya umasikini mara mbili. Katika Suratul-An'aam aya ya 151 wanatajwa wazazi ambao tayari ni masikini, na riziki yao imetangulizwa kabla ya ya watoto. Katika Suratul-Israa aya ya 31 wanatajwa wanaoogopa umasikini usiokuja bado, na riziki ya watoto ndiyo iliyotangulizwa. Wafasiri wameieleza tofauti hiyo, na inawagusa vijana wetu wa leo moja kwa moja. Anayepanga uzazi kwa kumhurumia mkewe aliyejifungua mara tatu katika miaka minne hayuko sawa na anayedhani kwamba Mola atashindwa na mdomo mmoja zaidi. Kitendo ni kimoja, itikadi ni mbili.

Shamba la eka tatu

Sasa tuje kwenye maisha. Uzazi ukiwa juu na vifo vimeshuka, jambo la kwanza linalobanwa ni ardhi, na kwa Waislamu ardhi hupita kwenye mirathi.

Chukua shamba la eka tatu, ukubwa ule ule waliogawiwa watu wengi Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964. (Umiliki wa eka tatu zile una sheria zake. Hapa tunachukua kipimo tu.) Mtu amefariki, ameacha mke, watoto wanne wa kiume na wanne wa kike. Mke ana thumuni, ambayo ni eka 0.375. Kilichobaki, eka 2.625, kinagawanywa mafungu 12. Kila binti anapata fungu moja, chini ya robo eka. Kila mtoto wa kiume anapata mafungu mawili, chini ya nusu eka. Huyo wa kiume naye akizaa wanane, wajukuu watagawana kitu ambacho si shamba tena, ni kiwanja. Wasipouziana, watateteana. Sensa ya 2022 ilikuta Zanzibar ina watu 1,889,773, takriban 768 kwa kila kilomita ya mraba, na atakaye kuona maana ya namba hizo aende akasikilize kesi za mirathi katika mahakama ya Kadhi.

Hapana dosari katika sheria ya mirathi. Iligawa sawasawa, na mali si lazima iwe ardhi. Dosari ni kuwa tumewaachia watoto ardhi ile ile bila ya kuwaachia ufundi wa kuishi bila ardhi. Saad bin Abi Waqqaas (r.a.) alipotaka kutoa sadaka mali yake nyingi, Mtume (s.a.w.) alimzuia asizidishe theluthi, na akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Katika zama zetu, kujitosheleza huko kwa wengi ni elimu na kazi ya mikono.

Baadaye, uzazi unaposhuka, hufunguka mlango ambao wachumi huuita gawio la kidemografia. Watoto wa kulishwa wamepungua, wazee bado ni wachache, na katikati wamo watu wengi wenye nguvu za kufanya kazi. Tanzania bado haijafika hapo: zaidi ya watu wanne katika kila kumi wako chini ya miaka 15. Kenya inasogea. Mlango huu hufunguka kwa miongo michache tu, kisha hufunga. Korea Kusini iliutumia, ikajenga viwanda na kuweka akiba kabla ya kuzeeka. Iran hali yake ilikuwa ngumu zaidi. Watoto waliozaliwa katika miaka ya 1980 huko wana jina lao, kizazi cha miaka ya sitini, kwa kalenda ya Kiirani. Wao ndio waliosoma kwa zamu mbili na tatu kwa siku kwa kukosa madarasa, wakabanana kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu, wakabanana kwenye ajira, wakabanana kwenye nyumba za kupanga, na wengi wao wakachelewa kuoa. Sasa wanakaribia miaka arubaini au wameshaipita. Baada ya miaka ishirini hivi watastaafu wote kwa pamoja, na wana mtoto mmoja au wawili.

Mzigo wa nafaka na mzigo wa mikono

Hapo ndipo tunaporudi kwa yule mama mzee na wanawe watatu.

Ibn al-Mundhir amenukuu ijmaa kwamba nafaka ya wazazi mafakiri wasio na chumo wala mali ni wajibu katika mali ya mtoto wao. Hili halina mjadala. Lakini nafaka hiyo hiyo iliyokuwa ikibebwa na wanane, kesho itabebwa na wawili. Na umri umerefuka: mzee anaweza kuishi miaka 15 na kisukari, presha au kiharusi, maradhi ambayo zamani yangemaliza mapema. Suratul-Israa, aya ya 23, imemtaja mzazi anayefikia uzee akiwa kwa mtoto wake. Zamani neno hilo, kuwa kwa mtoto, lilikuwa halina haja ya kuelezwa. Leo mtoto yuko Oman au London, na anayeitwa usiku mzazi akianguka chooni ni jirani.

Serikali zimeanza kuliona. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikaongezwa. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Ni heri, lakini hakuna anayeweza kuishi kwa fedha hizo peke yake, na pensheni haimgeuzi mgonjwa kitandani. Nyumba za wazee zipo, kama Sebleni na Welezo pale Unguja. Kumpeleka mzazi huko kwa kumkimbia ni uasi. Asiye na mtu kabisa, hiyo ni sitara yake, na wanaowahudumia wazee hao wana ujira mkubwa inshaallah. Tunaona wakfu zetu, ambazo kwa mazoea yetu tumezielekeza misikitini na kwenye visima, zingeweza kuwa na fungu la kulipa wauguzi wa kuwazungukia wazee majumbani. Katika historia ya Uislamu wakfu zilijenga hospitali zikalipa mpaka wahudumu wake, kwa hiyo si jambo geni.

Linalobaki ni la ndani ya familia, na ndilo linaloleta ugomvi mwingi tunaousikia. Mara nyingi binti mmoja, au mke wa mtoto mmoja, ndiye anayebaki na mzigo wa mikono huku wengine wakituma fedha. Tunasema yafuatayo.

Mtoto aliye mbali akituma nafaka ya kutosha ametekeleza wajibu wa mali, lakini wema kwa wazazi haukomei kwenye mali. Apige simu, aje anapoweza, na asimkadirie aliyebaki kila shilingi. Mke wa mtoto wa kiume, kwa asili, si wajibu wake kisheria kumhudumia mama mkwe. Akifanya ni ihsani yake na ana thawabu, na mumewe amshukuru wala asimuamrishe kama mtumishi.

Binti aliyeacha kazi yake ili amtunze baba yake anaweza kulipwa, kwa makubaliano, kutoka katika mali ya baba huyo au michango ya ndugu zake. Huo ni ujira halali na haupunguzi thawabu za mwenye nia njema. Lakini kama alijitolea bila makubaliano yoyote, haifai baada ya kifo kuja kuikata tirka kwa kudai ni deni. Na baba hawezi kumuusia fungu la ziada, kwa sababu hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia baada ya kifo chake. Kumpa zawadi akiwa hai na akili timamu, kwa sababu ya haja yake au huduma yake, wapo wanazuoni walioijuzisha hata kama wengine hawakupewa kiasi hicho, na ni vizuri ndugu wote waambiwe waziwazi kwa nini, kwani hadithi ya Nuumaan bin Bashir (r.a.) katika kufanya uadilifu baina ya watoto ni nzito.

Kwa hiyo ndugu wakae mapema, mzazi akiwa hai na anawatambua, waandike nani atatoa nini, nani atakaa na mzee miezi gani, na anayekaa naye atalipwa kiasi gani. Waweke mashahidi wawili. Karatasi hiyo wampe mzee mwenyewe asomewe, na akiwa na neno lake aliseme.

Wallaahu a'lam.